Viti 13 vya Singapore: Uchaguzi wa Jiji wa 1957 na Meya Wake wa Pekee

Uchaguzi wa Halmashauri ya Jiji la Singapore uliofanyika tarehe 21 Desemba 1957 ni miongoni mwa chaguzi za miji ambazo athari zake zilivuka mipaka ya kazi za halmashauri yenyewe, kwa sababu chama kilichopata viti 13 kati ya 32, yaani pungufu ya nusu, ndicho kilichotoa meya siku chache baadaye, na miezi 17 baada ya hapo ndicho kilichoshika serikali ya kisiwa kizima, ambayo hakijaiachia mpaka leo.

Wakati huo Singapore ilikuwa koloni la Uingereza lenye wakazi wasiopungua milioni 1.4, wengi wao Wachina, pamoja na Wamalay na Wahindi. Ulinzi na mambo ya nje yalikuwa mikononi mwa Waingereza, huku mambo mengi ya ndani yakisimamiwa na serikali ya Waziri Kiongozi Lim Yew Hock. Halmashauri ya Jiji, iliyopata jina hilo pale mfalme wa Uingereza alipoipa Singapore hadhi ya jiji mnamo 22 Septemba 1951, ilikuwa chombo tofauti na serikali hiyo, na kazi zake zilikuwa zile zinazomgusa mkazi kila siku: maji ya bomba, umeme, gesi, zimamoto, uzoaji wa taka na taa za barabarani. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, kwa kuwa mkazi wa kawaida hakukutana na gavana wala hakusoma katiba ya koloni, bali aliijua dola kwa foleni ya maji mtaani na kwa giza la uchochoro usio na taa, na yeyote ambaye angeshika halmashauri angeweza kuonyesha utawala mpya unavyofanana hata kabla nchi haijajitawala.

Uchaguzi wa kwanza wa manispaa ulifanyika mwaka 1949, lakini ulikuwa wa watu wachache. Ni viti 18 tu kati ya 27 vilivyopigiwa kura, vilivyobaki vikijazwa kwa uteuzi, na waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa raia wa Uingereza waliojiandikisha kwa hiari yao, jambo lililoliacha nje kundi kubwa la wakazi waliozaliwa China. Vikao viliendeshwa kwa Kiingereza, na waliovitawala walikuwa mawakili, madaktari na wafanyabiashara waliosoma shule za Kiingereza. Sheria ya mwaka 1957 ilibadili mambo mawili makubwa: madiwani wote 32 sasa walichaguliwa na wananchi, na badala ya rais wa halmashauri aliyeteuliwa kukawa na meya aliyechaguliwa na madiwani miongoni mwao, utaratibu ambao msomaji wa Tanzania anaufahamu vizuri katika halmashauri za majiji yake.

Vyama vitano vilishindana, pamoja na wagombea binafsi. Liberal Socialist, chama cha wenye mali na wasomi wa Kiingereza, kilisimamisha wagombea katika kata zote 32. Labour Front, chama cha Waziri Kiongozi, kilisimamisha 16, kikiwa kimebeba lawama za kukamata viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wanafunzi baada ya ghasia za Oktoba 1956. David Marshall, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa kwanza kabla ya kujiuzulu mwaka 1956, alikuja na Workers' Party, chama kilichokuwa na umri wa majuma machache tu. UMNO kiliwakilisha Wamalay. Chama cha tano, People's Action Party au kwa kifupi PAP, kilikuwa kimeundwa mwaka 1954 na Lee Kuan Yew na wenzake, na kiliingia katika kinyang'anyiro hicho kikiwa na majeraha, kwa sababu viongozi wake kadhaa wa mrengo wa kushoto, akiwemo msemaji mashuhuri Lim Chin Siong, walikuwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

PAP kilisimamisha wagombea 14 tu. Uamuzi huo, ambao kwa juu ungeweza kuonekana kuwa wa woga, ulikuwa wa busara kuliko yote yaliyofanywa na chama chochote katika uchaguzi huo. Katika mfumo wa uchaguzi uliotumika, mshindi wa kata ni yule aliyewapita wenzake kwa kura, hata kama hakufikia nusu ya kura zote zilizopigwa, na kwa hiyo chama kinachoelewana na vyama vingine na kukusanya nguvu mahali pachache hupata viti vingi kuliko kinachojitawanya. Matokeo yalilithibitisha hilo kwa ukali. PAP kilishinda kata 13 kati ya 14 zake. Liberal Socialist kikaambulia 7 kati ya 32. Workers' Party na Labour Front vikapata 4 kila kimoja, UMNO 2, na wagombea binafsi 2. Hakuna aliyekuwa na viti 17 vilivyohitajika kuwa na wingi, na wakazi wengi hawakupiga kura kabisa, kwani upigaji kura ulikuwa bado ni wa hiari, na ukafanywa wa lazima mwaka 1959.

Hata hivyo PAP, kikiwa na viti vingi kuliko chama kingine chochote, ndicho kilichotoa meya: Ong Eng Guan, mhasibu aliyesomea Melbourne na mweka hazina wa chama. Sifa yake kubwa haikuwa uhasibu, bali ulimi wake wa Kihokkien, lugha ya kundi kubwa kuliko yote la Wachina wa kisiwa hicho, ambayo ndugu zake wengi wa chama waliosoma Kiingereza hawakuimudu jukwaani. Umati ulifurika kwenye jengo la halmashauri, fataki zikalia, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi ule wakaingia kusikiliza. Meya mpya aliiondoa siwa ya dhahabu, lile rungu la heshima liwekwalo mbele ya kikao kuwa alama ya mamlaka, akisema ni masalia ya ukoloni. Siwa hiyo, zawadi ya mfanyabiashara Loke Wan Tho, sasa imo katika makumbusho ya taifa. Madiwani walianza kuzungumza kwa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza, ofisi ya malalamiko ya wananchi ikafunguliwa, na mabomba ya maji na taa za barabarani yakapelekwa katika vitongoji vilivyosahauliwa.

Ni haki kusema kwamba utawala wake ulikuwa pia wa fujo. Maofisa wa Kizungu walidhalilishwa hadharani, vikao vikageuka kuwa majukwaa ya hotuba, na kwa kuwa PAP hakikuwa na wingi wa viti, kila jambo zito lilitegemea kura za wengine. Hata hivyo makosa hayo hayafuti ukweli kwamba mkazi maskini aliiona halmashauri ikimsikiliza kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo wapinzani wake, waliohesabu fujo peke yake, walishindwa kulipima. Mapema mwaka 1959 serikali ya Lim Yew Hock iliingilia kati na kuanza kuinyang'anya halmashauri madaraka yake, na mwezi Aprili Ong na madiwani wa PAP wakajiuzulu. Uchaguzi mkuu wa tarehe 30 Mei ulikipa chama chao viti 43 kati ya 51.

Ong alipewa wizara ya maendeleo ya taifa, lakini mwaka 1960 aligombana na Lee Kuan Yew na kufukuzwa katika chama. Alijiuzulu kiti chake cha Hong Lim, akakigombea upya bila chama tarehe 29 Aprili 1961, na kumshinda mgombea wa serikali kwa kura 7,747 dhidi ya 2,820. Wakati huo halmashauri aliyoiongoza ilikuwa imekwisha: serikali ya PAP, iliyojua kuliko yeyote namna jiji linavyoweza kutumika kuingilia ikulu, haikuirudisha. Maji, umeme na gesi vilihamishiwa mwaka 1963 kwenye bodi ya umma, na mameya waliopo Singapore leo ni wa wilaya, nao huteuliwa.