Wakisema barabara imefika asilimia 40, maana yake nini kwako?

Redio inatangaza kwamba barabara fulani ya lami "imefika asilimia 40". Siku hiyohiyo unapita njiani kwenda sokoni na unaona vumbi lilelile, mashimo yaleyale, na mtu wa boda boda anakutoza nauli ileile. Je, redio imedanganya? Mara nyingi hapana. Lakini asilimia hiyo inapima kitu tofauti na unachofikiria. Ukiielewa, utajua lini uulize kuhusu kazi, lini uulize kuhusu shamba lako, na lini uwe macho kwa ajili ya watoto.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi hapa Uganda. Mwezi wa Septemba 2020, wakati corona ilikuwa imefunga biashara nyingi, Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 130.8 za kuweka lami barabara ya Koboko, Yumbe hadi Moyo, kilomita 105. Serikali nyingi hukimbilia barabara uchumi unapolala, kwa sababu fedha hiyo huingia haraka mifukoni mwa watu: kibarua analipwa, muuza chakula anapata wateja, mwenye lori anapata safari. Fedha ya Koboko–Moyo ilikuwa na jambo jingine la pekee. Ilikuwa msaada, si mkopo, na ilitoka katika fungu lililotengwa kwa nchi zinazopokea wakimbizi. Yumbe ndiko iliko Bidibidi. Kwa hiyo jirani mwenyeji akikuambia kwamba wakimbizi wameleta mzigo tu, mweleze kwa upole kwamba lami hiyo imekuja kwa sababu yenu wote wawili. Na wewe mkimbizi ukumbuke kwamba ni mashamba ya wenyeji yatakayokatwa kuipisha.

Sasa angalia tarehe. Fedha ilipitishwa 2020, lakini mitambo haikuanza kutandaza barabara mwaka huo, wala uliofuata. Katikati kuna kukagua michoro, kuthamini mali za watu, kutangaza zabuni, kuchagua mkandarasi na kutia saini mkataba. Huo ndio muda ambao matapeli hupita vijijini na daftari, wakidai wanaandikisha vibarua kwa ada kidogo. Tangazo la fedha si tangazo la kazi. Kazi inapoanza kweli, utaona kambi ya mkandarasi imejengwa, na majina yatapitia kwa mwenyekiti wa LC1 na viongozi wa wakimbizi wa RWC. Anayekuomba pesa ili akuandikishe, usimpe.

Asilimia tatu, si moja

Asilimia inayotangazwa redioni kwa kawaida ni ya kazi iliyokwisha kufanyika, na hupimwa kwa thamani ya fedha, si kwa urefu wa lami. Kila sehemu ya kazi ina uzito wake. Kusafisha vichaka kwa kilomita 30 kunaonekana kazi kubwa lakini uzito wake ni mdogo. Madaraja, makalavati, kujaza udongo kwenye mabonde na kushindilia tabaka za changarawe na kokoto hubeba uzito mkubwa, na vyote hivyo hufanyika kabla ya tone la lami kumwagwa. Ndiyo maana barabara inaweza kuwa asilimia 40 bila hata mita moja ya lami. Inaweza pia kuwa asilimia 95, magari yanateleza juu ya lami, lakini mifereji ya maji, alama na matuta ya kupunguza mwendo mbele ya shule bado havipo. Mimi naihofia zaidi hiyo asilimia 95. Madereva hukimbia kabla ya mtu kuwawekea tuta.

Asilimia ya pili ni ya muda. Kama kazi imefika 40 na muda wa mkataba umekwisha kutumika kwa asilimia 70, mradi umechelewa, hata kama mkutano wa kupokea taarifa ulikuwa wa shangwe na vigelegele.

Ya tatu ni ya fedha iliyolipwa, na hii ndiyo inayomgusa kibarua. Mkandarasi hupewa malipo ya awali ya kuanzia. Baada ya hapo, kwa kawaida kila mwezi mhandisi msimamizi hupima kazi iliyofanyika na kutia saini hati ya malipo, nayo hupelekwa Kampala. Hati zikikaa bila kulipwa, mkandarasi hupunguza mitambo, kisha watu. Serikali ya Uganda imekuwa na madeni ya wakandarasi wa barabara kwa miaka mingi, na madeni hayo huzaa riba. Kwa hiyo ukisikia kazi imefika 40 lakini fedha iliyolipwa ni 25, jua kuna anayedai. Anayedai mkubwa ana wanasheria. Kibarua aliyeajiriwa na mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkubwa hana hata karatasi.

Basi jitengenezee karatasi. Andika kila siku tarehe, kazi uliyofanya na jina la msimamizi wako. Siku ya kwanza uliza unaajiriwa na kampuni ipi hasa, kwa sababu nguo ya njano ya usalama inaweza kuwa na jina moja na mlipaji akawa mwingine. Na usikubali kuambiwa kwamba mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010 zinakupa haki ya kuajiriwa.

Vigingi vikifika shambani kwako

Kabla ya greda huja wapima ardhi na vigingi, halafu mthamini na fomu zake. Hapo ndipo watu wengi hupoteza haki bila kujua.

Katiba ya Uganda, kifungu cha 26, inasema mtu hanyang'anywi mali yake kwa ajili ya kazi ya umma bila kulipwa fidia ya haki, na alipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Haya si maneno ya karatasi tu. Ilipojengwa barabara ya Hoima, Kaiso hadi Tonya kuelekea kwenye mafuta ya Ziwa Albert, mwananchi ambaye ardhi yake ilichukuliwa alikwenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 mahakama hiyo ilikubali kwamba sheria iliyoruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye inapingana na Katiba. Wenyeji wa Kikuube, ambako makazi ya Kyangwali yapo na ambako barabara ya Kabwoya hadi Buhuka inapita, wana sababu ya kuukumbuka uamuzi huo.

Na mkimbizi je? Kiwanja ulichopewa katika makazi si chako kukiuza, kwa hiyo hulipwi bei ya ardhi. Lakini nyumba uliyoijenga, migomba, miembe na kahawa uliyopanda ni jasho lako. Kanuni za Benki ya Dunia, katika miradi inayoifadhili, zinataka hata mtu asiye na hati ya ardhi alipwe kwa majengo na mazao yake, mradi alikuwepo kabla ya siku ya mwisho ya kuorodheshwa. Siku hiyo hutangazwa. Ukijenga kibanda au kupanda miti baada yake, hutalipwa, hata ukilia.

Mahindi na maharage yana hesabu tofauti. Sheria ya Ardhi haihesabu mazao ya msimu ambayo ungeweza kuyavuna ndani ya muda wa notisi. Ukipewa notisi, vuna. Mazao ya kudumu na nyumba za kienyeji huhesabiwa kwa bei zilizowekwa na bodi ya ardhi ya wilaya, na unaweza kuomba kuziona. Juu ya jumla hiyo huongezwa posho ya usumbufu: asilimia 15, au asilimia 30 kama umetakiwa kuondoka katika muda usiofika miezi sita. Angalia kama imo kwenye fomu yako. Omba fomu isomwe kwa lugha unayoielewa kabla hujaweka kidole gumba, ubaki na nakala, na kama simu yako ina kamera piga picha ya nyumba na miti siku mthamini anapokuja.

Kilichotokea Kamwenge

Barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, kilomita 66, iko katika eneo linalopakana na makazi ya Rwamwanja. Ilikuwa ikijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakazi wa Bigodi na vijiji vya jirani walilalamika kwamba wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakiwadhulumu wasichana wadogo kingono, wengine wanafunzi, na baadhi walibeba mimba. Pia walilalamika kuhusu mali zilizoharibiwa na usalama barabarani. Mwanzoni hawakusikilizwa. Waliendelea hadi malalamiko yakafika kwa jopo la ukaguzi la benki yenyewe, na tarehe 21 Desemba 2015 benki ilifuta fedha za mradi mzima. Baada ya Kamwenge benki ilibadilisha namna inavyosimamia miradi ya barabara: kanuni za maadili kwa wafanyakazi na kamati za malalamiko vijijini zilitiliwa mkazo.

Wanakijiji ndio waliofanya hivyo, si mhandisi wala waziri. Lakini wasichana hao walikuwa wamekwisha kuumizwa. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza kuhusu kamati ya malalamiko wakati mradi uko asilimia 5, si 50. Uliza ina nani, kama kuna mwanamke, kama kuna mkimbizi, na daftari lake linakaa kwa nani.

Ewe mzazi, sheria ya Uganda iko wazi: kufanya ngono na mtoto wa chini ya miaka 18 ni jinai, hata kama binti alikubali, hata kama mwanamume amekuja nyumbani na sukari na kitenge. Jambo kama hilo haliendi kwenye kamati ya barabara likae huko. Linakwenda polisi na kituo cha afya siku hiyohiyo. Simu ya watoto ni 116, haitozwi. Mkimbizi anaweza pia kupiga 0800 323232 bila malipo.

Kwa malalamiko mengine anza na kamati, kisha ofisa wa jamii wa mkandarasi, kisha wilaya au OPM. Ukiambiwa "nenda UNRA", jua kwamba shirika hilo halipo tena. Kazi zake zilirudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwishoni mwa 2024.

Usisahau pia mashimo. Changarawe ya barabara huchimbwa mahali, na mvua ikinyesha shimo linakuwa bwawa ambalo watoto huliona ni pa kuogelea. Kulifukia na kulisawazisha ni wajibu wa mkandarasi, kabla hajaondoka. Hata baada ya kutangazwa asilimia 100 kuna kipindi, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, na sehemu ya fedha yake huzuiliwa mpaka kiishe. Lami ikipasuka, kalavati likiziba na kumwaga maji nyumbani kwako, au shimo likibaki wazi, peleka habari ndani ya kipindi hicho. Kikipita, kazi hiyo inarudi kwa serikali, nawe unarudi kwenye foleni.