Kanda za ukimbizini zaimba tena, safari hii bila waya

MUZIKI siku hizi hauhitaji waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye redio kubwa ya sebuleni. Kwa vijana wa Mbarara mjini hiyo si habari. Lakini kwa sisi tuliokulia na kusoma katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, teknolojia hii ina kazi kubwa kuliko kuchangamsha harusi. Inaweza kuturudishia sauti za wazee wetu zinazooza ndani ya kanda.

Wakati wa likizo nilikuwa Kabingo, wilayani Isingiro. Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu na kujaza nyimbo kwenye memori kadi alikuwa na kompyuta ndogo mezani. Hatua kama nane kutoka hapo, katika duka la jirani, ilikuwapo redio ya zamani yenye deki mbili za kanda. Redio ilikuwa ikiimba nyimbo zilizomo kwenye kompyuta, na katikati hapakuwa na waya.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akaniuliza: “Mwalimu, huyu anayeimba yuko wapi hasa?”

Swali la mzee huyo lina maana, na jibu lake si gumu.

Njia ya kwanza ni Bluetooth. Wahandisi wa kampuni ya Ericsson ya Sweden walianza kuishughulikia mwaka 1994, na jina likatokana na mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10. Mwaka 2003 ukaongezwa utaratibu wa kupeleka muziki wa stereo. Kompyuta huugeuza wimbo kuwa mawimbi ya redio, na kipokezi kidogo huyageuza tena kuwa sauti. Kwa vifaa vingi vya nyumbani, umbali ni kama mita 10.

Redio yako ikiwa ya zamani usiitupe. Kama ina tundu la AUX nyuma, nunua kipokezi cha Bluetooth kidogo kama kiberiti, chomeka waya wake mfupi hapo, kisha unganisha na kompyuta au simu. Hivyo ndivyo alivyofanya kijana wa Kabingo.

Njia ya pili ni Wi-Fi. Hii hufika mbali zaidi na hubeba sauti bila kuibana sana. Mwaka 2004 kampuni ya Apple ilitoa kifaa cha AirPort Express kilichopeleka nyimbo za kompyuta kwenye redio ya nyumbani, na mwaka uliofuata Sonos nao wakaingia sokoni. Hata hivyo, inahitaji ruta inayowaka muda wote, na kwa nyumba inayotegemea paneli moja ya sola huo ni mzigo.

Njia ya tatu ni ya redio isiyo na tundu lolote. Kuna kirushio kidogo cha FM, kama kile ambacho madereva huchomeka garini. Unakichagulia masafa matupu kati ya 87.5 na 108, kisha unatafuta masafa hayo hayo kwenye redio. Nguvu yake ni ndogo, na inapasa ibaki ndogo, kwani masafa yana wenyewe.

Wengi huogopa kwamba bila waya maana yake ni kula bando. Sivyo. Wimbo ukiwa tayari umehifadhiwa kwenye kompyuta, hautumii intaneti hata kidogo. Bando huliwa pale tu unapovuta wimbo kutoka mtandaoni.

Kasoro zipo. Mawimbi hayo hudhoofishwa na ukuta mnene na hata na miili ya watu, kwa kuwa mwili una maji mengi. Sebule ikijaa wageni, muziki huweza kukatika. Na nyumba zikibanana, simu ya jirani inaweza kuunganishwa na redio yako. Baba anasikiliza nyimbo za dini, ghafla inaingia miondoko ya klabu! Dawa yake ni kuweka namba ya siri kama kipokezi kinaruhusu, au kukizima usipokitumia.

Sasa turudi kwenye kanda.

Nakivale ina historia ya zaidi ya miaka 60, na kati ya waliotangulia kupokewa pale ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Mwaka 1982 wenzetu waliofukuzwa vijijini katika Ankole wakaongezeka. Katika miaka hiyo redio kaseti ilikuwa mali ya kujivunia. Betri zikichoka tulizianika juani zipate uhai wa siku moja zaidi. Kanda ikijikunja tuliizungusha kwa kalamu ya Bic.

Humo zilikuwamo nyimbo za Cécile Kayirebwa, aliyekwenda kuishi uhamishoni Ubelgiji mwaka 1973. Zilikuwamo pia kanda zisizouzwa dukani: harusi, mashairi ya ng'ombe, na barua za sauti. Asiyejua kuandika alijirekodi, akampa msafiri kanda ampelekee ndugu Bujumbura au Goma. Wengi wetu tuliporudi Rwanda kuanzia mwaka 1994, tulizifunga ndani ya nguo kama vyombo vya udongo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kanda inaoza. Unga wa sumaku uliopakwa juu ya utepe huachia, ukungu huota, na utepe hushikana. Kila mwaka unaopita sauti inazidi kufifia, na wanaoweza kusema ni ya nani wanazidi kupungua.

Kuihamisha si kazi ya fundi mkubwa. Tafuta redio kaseti inayozunguka kwa mwendo sahihi na usafishe kichwa chake kwa pamba na spiriti. Toa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la kurekodia la kompyuta. Tumia programu ya bure kama Audacity, kisha bonyeza kurekodi. Hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60.

Hifadhi nakala ya kwanza bila kuibana, katika mfumo wa WAV. Dakika moja ya stereo hula megabaiti kama 10, hivyo kanda nzima ni karibu megabaiti 600. Nakala ya kusikiliza iwe MP3, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni megabaiti moja hivi kwa dakika. Weka nakala mahali patatu, na mojawapo iwe nyumba nyingine. Simu pekee si ghala. Ikiibwa, maktaba yote imekwenda.

Faida ya kuunganisha bila waya inaonekana hapo. Bibi hahitaji kuinamia kompyuta wala kufungwa spika masikioni. Anakaa kwenye kiti chake, sauti inatoka kwenye redio aliyoizoea, na wajukuu wanasikia pamoja naye. Akitaja jina, mmoja aandike: nani anaimba, wapi, mwaka gani, harusi ya nani. Bila maandishi hayo, faili ni kelele tu kwa watakaokuja.

Nakivale ya leo imejaa Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na nyimbo zao zimo ndani ya simu. Watakaporudi kwao nao watataka kuzisikia. Nawashauri walimu wenzangu, wa huko na wa huku, tuwape wanafunzi kazi hii katika likizo ijayo: mwanafunzi mmoja, mzee mmoja, kanda moja. Tuanze na wazee ambao afya zao zimedhoofika.