Poda ya Mama na zile sekunde 10

Wakati wa kolasyo unakaribia, na katika kila familia kuna mmoja atakayepewa apareyi na kuambiwa: "Wewe njo utatupiga picha." Mwaka dada yangu mdogo alipomaliza UNILU, huyo mmoja alikuwa mimi.

Tulianza na picha ya familia nzima. Niliweka apareyi juu ya motoka, nikachagua ipige baada ya sekunde 10, nikakimbia kusimama na wengine. Ikatoka muzuri. Kisha Mama, aliyekuwa ametoka Likasi asubuhi, akafungua poda na kummwagia binti yake kichwani. Toga yote ikawa nyeupe. Nikabonyeza. Apareyi haikupiga! Taa yake ndogo ilikuwa inawaka na kuzimika, inahesabu sekunde 10 tena. Ilipokuja kupiga, poda ilikuwa imeshatua chini.

Kosa langu lilikuwa moja: sikuangalia namna ya upigaji. Hiyo njo inaamua apareyi itafanya nini ukibonyeza: ipige picha moja, ipige nyingi mfululizo, au ingojee kwanza. Zitambue kwa alama zake.

Mstatili mmoja ni picha moja kwa kila kubonyeza. Unafaa kwa watu waliosimama: mhitimu na diploma yake, baba na mama pembeni. Hapo unangojea macho yafunguke, unabonyeza, basi.

Mistatili iliyopangana ni rafale. Ukishikilia kitufe, apareyi inaendelea kupiga. Kama inapiga picha 10 kwa sekunde, sekunde tatu zitakupa 30, na kati yake utapata ile moja ambayo poda iko hewani na mdomo uko wazi kwa kicheko. Lakini usianze mapema. Kumbukumbu ya ndani ikijaa, apareyi inapunguza mwendo, pengine wakati uleule mkono wa mama unainuka. Tena, rafale peke yake haizuii picha kutoka na ukungu. Kasi ya kufunga njo inazuia: weka 1/500 ao zaidi.

Saa ndogo ni ya kuchelewesha. Sekunde 10 ni za kukimbia uingie mu picha. Sekunde 2 ni za apareyi iliyo juu ya miguu mitatu, jioni kwa mfano, ili mkono wako usiitikise unapobonyeza.

Apareyi nyingi za sasa zina pia upigaji wa kimya, muzuri mu sale ao kanisani. Ijaribu kwanza: chini ya taa fulani, upigaji huo unaweza kuleta mistari kwenye picha.

Basi nilifanya nini siku ile? Tulimwomba Mama arudilie. Alirudilia, akacheka kwa sababu tulimwambia acheke. Leo Mama hayuko tena, na picha hiyo iko ukutani, mu salo. Wageni wanaisifu. Mimi na dada yangu tunajua kwamba ile ya kweli haikupigwa.

Njo maana nina desturi moja, nawaachia: ukimaliza picha ya kuchelewesha, rudisha kwenye mstatili mmoja kabla hata ya kuangalia kama imetoka muzuri. Proficiat mapema kwa wote watakaomwagiwa poda mwaka huu.