Utomvu, Jasi na Midomo ya Waheshimiwa

Mwaka 2009 Wakenya walianza kuwaona wanasiasa wao wakiropoka runingani kwa midomo ya mpira. The XYZ Show, kipindi kilichoasisiwa na mchora katuni Gado, kilifuata nyayo za Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols de l'info ya Ufaransa: kichwa kikubwa cha lateksi, ndani yake mkono wa mtu. Dhihaka ilikuwa ya siasa. Iliyoibeba ni kemia.

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira, yaani chembe ndogo mno za mpira zinazoelea majini, zikizuiwa na amonia zisigande. Ukiumimina ndani ya kalibu ya jasi, vitundu vya jasi hunywa yale maji, na chembe zilizo karibu na ukuta hushikana zikawa ngozi. Kadiri utomvu unavyokaa ndivyo ngozi inavyonenepa. Ikitosha, unaobaki humwagwa na kutumika tena. Kalibu ya plastiki, isiyonywa maji, haiwezi kazi hiyo. Ndiyo maana jasi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa dari na kwa miguu iliyovunjika, haijafukuzwa karakanani. Tena inapoganda hutanuka kidogo, ikaingia katika kila kunyanzi la uso.

Yoda, kikaragosi wa filamu ya Star Wars ya 1980, alihitaji zaidi: lateksi ya povu. Utomvu hupigwa hewa kama ute wa yai, hutiwa kigandishi, kisha huokwa pamoja na kalibu. Matokeo ni nyama nyepesi kama sponji, iliyotii vidole vya mchezeshaji wake, Frank Oz. Lakini haidumu. Oksijeni na mwanga huila, mafuta huivimbisha, na shaba huharakisha uchakavu wake, kwa hiyo waya wa mifupa ya kikaragosi nao huchaguliwa kwa makini.

Silikoni huishi muda mrefu na hupitisha mwanga kidogo kama ngozi ya kweli; nyuso za vikaragosi wa filamu ya Corpse Bride (2005) zilitengenezwa hivyo. Ni nzito, na rangi ya kawaida hubanduka juu yake.

Ina deko pia. Ile inayokomazwa kwa platinamu haivumilii salfa, na salfa ndiyo inayokomaza lateksi ya povu. Fundi akitumia kalibu ileile aliyookea lateksi, atakuta uso wa silikoni unanata kama asali, hata akingoja wiki nzima.