Urithi wa Kinga ya Mwili na Saratani ya Mlango wa Kizazi



Mama mmoja shambani au kiwandani akiugua saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi husemwa: "Hiyo ni ya ukoo wao." Maneno hayo yana ukweli kidogo, lakini yakiachwa bila maelezo huwakatisha tamaa wengine, na wengine huwafanya wajione salama. Yafaa tulielewe jambo hili.

Karibu kila saratani ya aina hii huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua hivyo. Wanawake wengi huambukizwa, na kwa walio wengi kinga ya mwili huvifukuza virusi hivyo katika muda wa miaka 2. Saratani huwapata wale ambao virusi vimekaa mwilini mwao miaka mingi, kwa kawaida 15 hadi 20.

Kwa nini mwili mmoja huvifukuza na mwingine hushindwa? Sehemu ya jibu ni urithi. Tunazo jeni za kinga ziitwazo HLA. Kazi yake ni kutengeneza vishikio ambavyo hukamata kipande cha kirusi na kukionyesha kwa chembe nyeupe za damu, ili zimtambue adui. Aina za HLA ni maelfu; nyingine hukishika kipande hicho vizuri, nyingine vibaya. Uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wanawake wenye aina iitwayo DRB1*13 hupatwa na saratani hii kwa uchache zaidi.

Kila mtoto hupokea fungu moja la HLA kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hulingana mafungu yote mawili mara 1 tu katika 4. Ugonjwa wa dada si hukumu ya mdogo wake.

Tena tofauti hiyo ya urithi ni ndogo. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara 6 zaidi ya asiye navyo, na sigara nayo huongeza hatari.

Urithi hatuwezi kuubadili, lakini virusi twaweza kuvizuia. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Chanjo haiulizi ukoo. Kwa akina mama, Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi kuanzia umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wenye virusi vya UKIMWI. Chembe zilizoanza kuharibika hutibiwa kabla hazijawa saratani.

Lakini mchuma chai anayelipwa kwa kilo hupoteza ujira wake akienda kupimwa. Kwa hiyo kila tawi la chama lidai katika mkataba siku ya uchunguzi yenye malipo, na wazazi wahakikishe binti zao wanachanjwa.