Manju na Nyumba Yake: Bibi Titi Mohamed

Kabla Dar es Salaam haijapata nyota wa filamu, nyota wa kike katika mitaa ya Kariakoo na Jangwani alikuwa manju wa ngoma. Mfano bayana ni Bibi Titi Mohamed (1926–2000), manju wa kikundi cha lelemama cha Bomba. Aliozwa angali msichana, kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu. Mwaka 1955 alijiunga na TANU, na kupitia vikundi vya ngoma akawafikia wanawake ambao wengi wao hawakutoka nyumbani bila ruhusa ya waume zao.

Hata hivyo, sauti peke yake haimkomboi mtu. Kariakoo, mwanamke mwenye nyumba na wapangaji hakulazimika kuolewa ili aishi. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, Bibi Titi alilipinga, akajiuzulu uongozi. Wako wanaoona hapo uchu wa mali. Sisi tunadai kwamba, kwa mwanamke wa mji huu, kodi ya pango ilikuwa ndiyo uhuru wenyewe. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini; akiwa kifungoni, mumewe akampa talaka. Aliachiliwa mwaka 1972.