Juma la Mmisionari Kijana

Tumezoea kumwona mmisionari altareni siku ya Dominika. Je, siku zake nyingine zikoje?

Hapa Babati, kijana aliyetoka ng'ambo huwa mwanafunzi kwa sehemu kubwa ya juma. Sokoni Kiswahili chamtosha; lakini aendapo vijijini kumpaka mafuta mzee mgonjwa, husalimiwa kwa Kiiraqw, Kigorowa au Kibarbaig, lugha zisizo za jamii ya Kibantu. Hapo katekista ndiye mwalimu, naye padre ni mtoto ajifunzaye kutamka. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza vijana wake wazungumze lugha ya wenyeji, hata wao kwa wao. Agizo gumu! Kijana mwenye shahada hapendi kuchekwa na watoto.

Jioni humjia upweke. Vijana wetu waujua pia, maana tangu Shirika la Mitume wa Yesu lianzishwe huko Moroto, Uganda, mwaka 1968, Waafrika wengi wametumwa mbali na kwao.

Jumatatu hufua nguo zake na kulala kidogo. Nasi tukikuta mlango umefungwa, twanung'unika.